Mkono wa Fusae Juu ya Kikuza Sauti

Jumamosi, 21 Oktoba 1978

Kikuza sauti cha mkahawa wa Kurumi kimekufa! Alasiri hii, katikati ya santuri, mbele ya wateja tisa. Cheche, moshi mwembamba, kisha kimya. Hakuna aliyesema neno, maana Kurumi kusema ni marufuku. Hapo tunasikiliza tu. Ukitaka santuri fulani, unaandika kwenye kikaratasi. Ukitaka kahawa, unainua kidole. Hata leo, moshi ukitoka, tuliinamisha vichwa tu kama watu wa msibani.

Mama Shigeno, mwenye mkahawa, akaandika ubaoni kwa chaki. Anataka kikuza kipya, kilichotengenezwa kwa mikono, si cha dukani. Kiletwe tarehe 3 Novemba, Siku ya Utamaduni. Atasikiliza akiwa ametupa mgongo, asijue kipi ni cha nani. Kitakachomgusa kitawekwa rafuni pamoja na kibati cha shaba chenye jina la fundi. Na fundi atapewa kiti cha katikati maisha yake yote! Kiti cha katikati! Pale sauti zinapokutana!

Mikono miwili ikainuka. Wa kwangu mimi, Kiuchi Yasuhei, fundi wa mikeka ya tatami. Na wa Nezu. Nezu wa duka la saa. Nezu mwenye kucha safi.

Nyumbani Fusae, mke wangu, akauliza hicho kikuza kinafanya nini hasa. Nikamweleza. Sindano ikipita juu ya santuri hutoa mnong'ono mdogo kuliko wa mbu. Kikuza hiki cha kwanza huupokea, huulea, huunenepesha, ndipo kile kikubwa kiupeleke kwenye spika. Uchafu ukiingia hapa mwanzoni, nao hunenepa. Akasema kumbe ni sawa na malezi. Kisha akauliza kama na hiki kitavuma.

Hilo swali limenichoma. Miaka ishirini natengeneza vikuza na vyote vimevuma. Mtaa mzima wa Kawagoe unaniita Mzee Nyuki. Hata mke wa mwuza tofu! Basi safari hii mtanitambua. Jina langu litakaa kwenye shaba.

Jumapili, 22 Oktoba

Akihabara, soko la vifaa vya umeme kule Tokyo. Treni ya asubuhi. Kila nikifika pale chini ya reli nashikwa na kicho, sijui kwa nini. Vibanda vyembamba, mtu mmoja mmoja ndani, kila mmoja na kitu chake kimoja. Yuko bibi anayeuza vitufe vya kuzungushia, basi. Vitufe tu, tangu vita viishe! Nilimwomba cha kuongezea sauti. Akanishika kidole gumba, akakipima kwa macho, akanipa kimoja bila kutafuta. Kinanienea kabisa. Nilivua kofia.

Kwa Mzee Dobashi nilinunua valvu mbili, zile chupa za kioo ambazo sauti hukulia ndani yake. Amezihifadhi kwenye magazeti ya zamani, zilikuwa za meli ya jeshi. Aliwasha moja nione. Loo! Uzi mwekundu ukajitokeza polepole ndani ya kioo, moto usiounguza kitu. Nilisimama pale hadi mteja wa nyuma akakohoa. Mzee Dobashi akasema miaka arobaini anaziwasha na bado hajazizoea. Tukatazamana. Nusura nimkumbatie.

Kisha nani namwona? Nezu! Nikajibanza nyuma ya rundo la transfoma. Alikuwa anamwuliza mwuza rezista, vile vijiti vidogo vya kupunguza nguvu ya umeme, kuhusu aina moja ya kahawia, zile za zamani. Akaondoka kwanza kwenda kula tambi. Nikaona njia! Nikanunua zote. Mia mbili. Sasa na arudi, akute kapu tupu!

Nimerudi na treni nikicheka peke yangu, abiria wakanihamia mbali. Njiani kutoka stesheni nikakutana na Nezu huyo huyo. Akanisalimu vizuri. Akasema leo kamwonya mwuza rezista rafiki yake azitupe zile za kahawia, zimeoza, zina kelele za mchanga. Akauliza kapu langu lina nini. Nikamwambia karanga.

Jumanne, 24 Oktoba

Kazi imekamilika! Siku mbili nimefunga karakana. Bwana Inomata, aliyeagiza mikeka sita ya chumba cha bibi harusi, nimemwambia majani mwaka huu yamechelewa kukauka. Hakuelewa. Wala mimi.

Ila uzuri wa kitu hiki! Waya nimezifunga kwa uzi wetu wa tatami uliopakwa nta, fundo moja kila upana wa kidole, kama baba alivyonifunza kushona ukingo wa mkeka. Fusae akachungulia. Akasema miaka yote ya ndoa yetu hajaona nikishona vizuri hivi, na kitu chenyewe hakikaliwi.

Nikawasha. Valvu zikaamka. Nikaweka sindano kwenye santuri ya yule mwanamke wa Kimarekani mwenye sauti nzito.

Vuuuuuuum.

Mwanamke yumo, lakini kaingia katikati ya mzinga. Ukutani kwa jirani mtu akagonga mara mbili. Nimejilaza juu ya majani makavu na sijala.

Jumatano, 25 Oktoba

Asubuhi nimeanza na plagi. Plagi zetu zina miguu miwili sawasawa, zinaingia hivi na zinaingia vile, na kila mpenda sauti anajua upande mmoja una utamu kuliko mwingine. Nimegeuza ya kikuza. Nimegeuza ya gramafoni. Nimegeuza ya friji, ya televisheni, ya sufuria ya umeme ya wali. Nikaenda kwa jirani nikamsihi ageuze na yake ya friji. Akauliza kwani friji lake linaimba? Akafunga mlango.

Vuuum imepungua. Nusu kijiko, pengine. Nilikuwa na furaha mpaka saa nne.

Saa nne nikasoma gazeti la mafundi. Linasema sanduku la kikuza lazima lishikane na ardhi. Zika fimbo ya shaba, unganisha waya, uvumi utakufa. Ardhi! Dunia nzima iwe chini ya kikuza changu! Wazo hilo lilinisimamisha nywele. Nikachukua fimbo na nyundo, nikachagua pahali pa udongo laini, katikati ya figili za Fusae.

Pigo la tatu fimbo ikaingia vizuri mno. Kisha ardhi ikaguna. Kisha maji yakaruka hadi juu ya paa!

Bomba kuu la mtaa. Mtu wa idara ya maji alikuja na kofia ya manjano, akauliza nilikuwa natafuta nini. Nikamwambia ukimya. Akaandika kwenye fomu yake. Nyumba kumi na moja hazikuwa na maji mpaka saa tisa, na Fusae amezunguka zote akiinama na kuomba radhi, figili mbili mkononi kwa kila nyumba. Aliporudi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba neno ardhi lisitajwe tena humu ndani. Sawa. Haya mambo ya ardhi ni uzushi wa magazeti.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nimempeleleza Nezu. Nimechukua saa ya marehemu baba, nikaisimamisha makusudi, nikaenda nayo dukani kwake. Mpango: yeye akiinama na lenzi yake jichoni, mimi nichungulie chumba cha nyuma.

Sikupata hata nafasi ya kuchungulia. Akanishika mkono, akanivuta mwenyewe! Njoo, njoo, Bwana Kiuchi, nimengoja wiki nzima mtu wa kumwonyesha, mke wangu anaangalia anasema hiki kisanduku kizuri, basi. Akafunua kifuniko.

Jamani. Nilisogeza uso karibu. Waya zote zimenyooka. Kila rezista imetazama upande mmoja, rangi zake zimepangwa. Hakuna tone lililozidi la risasi ya kuunganishia waya. Nilitaka kumchukia nikakosa pa kuanzia. Nikasema si mbaya.

Akauliza changu kinaendeleaje. Nikasema kinapumua. Akauliza kama kinavuma. Nikasema kidogo sana. Ndipo akasema, kwa sauti ya upole, kwamba niunganishe sanduku na ardhi, waya mmoja tu, hata bomba la maji linatosha.

Bomba la maji! Mbele yangu! Siku moja tu baada ya mkasa wangu, mtaa mzima bado unanicheka, na huyu ananirushia bomba la maji na uso mkavu! Nimeondoka bila kuaga. Nimesahau hata saa ya baba.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nimelizungushia sanduku waya mizunguko mia tatu, wazo langu binafsi. Uvumi bado upo, na sasa imeongezeka sauti ya mtu anayeita teksi. Wazi kabisa! Gari la saba, mama mjamzito, nyuma ya hekalu, haraka! Nimepigwa na butwaa. Maneno yanapita hewani kila siku, juu ya vichwa vyetu, na sisi tunakula tu!

Fusae amekaa saa nzima kusikiliza. Anasema ni programu bora kuliko zote mwezi huu. Nilipofumua waya alinuna, maana hajajua kama yule mama alifika.

Jumamosi, 28 Oktoba



Saa nane mchana. Nilikuwa karakana, viatu vyangu vya mbao miguuni, nimekata tamaa, kikuza kinavuma kama kawaida. Santuri inazunguka sababu sina nguvu ya kuizima. Fusae akaingia kutoka uani, alikokuwa anaosha figili za kachumbari ya majira ya baridi. Kaniletea kiazi kitamu cha kuchoma. Mikono imekufa ganzi kwa baridi. Akaona sanduku lina joto la valvu, akaweka kiganja juu yake ajipashe.

Uvumi ukazima.

Sikusema umepungua. Ukazima! Karakana ikawa kubwa. Na kutoka kwenye ukubwa ule yule mwanamke akavuta pumzi. Miaka kumi na tisa ninayo santuri hii na sikuwahi kujua kwamba anavuta pumzi! Nikasikia midomo yake ikiachana kabla ya neno. Nikasikia mtu nyuma yake akihamisha mguu. Mpiga ngoma akagusa sahani ya shaba kwa kifagio chake cha waya, na ile shaba ikaning'inia hewani ikipungua, ikipungua, hadi nisijue imekwisha saa ngapi. Watu hawa walikuwa chumbani, upande wa pili wa dunia, miaka ishirini iliyopita, na sasa wamo humu kati ya marundo yangu ya majani. Nililia. Siandiki hivi kwa kujionea huruma. Nililia kwa sababu ni kubwa mno.

Fusae naye hakusogea. Kiazi mkono mmoja, mkono mwingine juu ya sanduku. Upande ulipokwisha akasema polepole, kumbe ndicho unachokitafuta siku zote. Kisha akasema vidole vinamtekenya, akaondoa mkono.

Vuuuuuuum.

Rudisha! Akarudisha. Kimya. Ondoa! Vuuum. Rudisha! Kimya. Nikaweka mkono wangu. Vuuum. Nikaweka yote miwili, nikaweka na paji la uso. Vuuum tu! Akaweka wake. Kimya.

Ni yeye! Kuna kitu ndani ya mwanamke huyu. Nimelala naye miaka thelathini na moja nisijue. Nimeishika mikono yake, nikaitazama nyuma na mbele, nikaona mikwaruzo ambayo sijui aliipata wapi. Akauliza nina homa?

Jumatatu, 30 Oktoba

Jana na leo nimejaribu mara sitini. Kila mara anatoka kuosha figili, anaingia miguu mitupu, anasimama kwenye sakafu yetu ya udongo, anaweka mkono, kimya. Haijakosa hata mara moja. Nimeandika yote kwenye jedwali: saa, hali ya hewa, alichokula.

Sasa mpango. Siku ya Utamaduni, Fusae atasimama kando ya kikuza na kuweka kiganja juu yake, kana kwamba anapumzika. Nani atauliza? Kurumi haulizwi kitu!

Amekubali kwa masharti. Kwanza, niweke mikeka mipya nyumbani kwetu, maana fundi wa tatami yuko humu na sisi tunakalia mashimo tangu mwaka wa Olimpiki ya Tokyo, miaka kumi na minne sasa. Pili, yeye na dada yake waende Kusatsu kuoga maji ya moto siku tatu, na mimi nijipikie. Nimekubali yote. Ningekubali hata paa. Kila nikimwangalia akipita na ndoo napata kicho, nasimama. Anasema niache, namtisha.

Alhamisi, 2 Novemba

Nimemwambia Mama Shigeno kwamba Fusae atakaa karibu na kikuza ili kuzuia vumbi. Akaandika kwenye kikaratasi: sawa.

Fusae amepiga pasi kimono cha zambarau na ameosha soksi nyeupe. Nimemkata kucha mwenyewe. Sitaki bahati mbaya.

Nezu amepita na saa ya baba. Inatembea, na ameisafisha ndani. Hakutaka chochote. Anakusudia kunilainisha, huyo. Ng'o!

Ijumaa, 3 Novemba, Siku ya Utamaduni

Nitaandika taratibu, kwa mpangilio, ingawa moyo hautaki.

Watu ishirini na wawili. Mkahawa haujawahi kuwa na watu wengi hivyo. Kiti cha katikati kitupu, kimefunikwa kitambaa cheupe. Mama Shigeno ameketi mbele, mgongo kwetu, mikono mapajani. Kura ikasema changu kianze.

Nikawasha. Vuuuuuuum. Nikatabasamu. Nikampa Fusae ishara. Akanyoosha mkono kwa madaha, mkono wa kimono ukaning'inia vizuri, kiganja kikatua.

Vuuuuuuum.

Nikaandika kikaratasi: bonyeza. Akabonyeza. Vuuum. Nikaandika: yote miwili. Vuuum. Mwuza tofu akamwandikia mkewe kitu, mkewe akaficha uso kwenye leso. Nilijua ameandika nini, ni mdudu mwenye mabawa. Nikaandika: kumbatia! Na Fusae wangu, mbele ya watu ishirini na wawili, na kimono chake cha zambarau, akakumbatia kikuza sauti. Uvumi ukazidi kunona.

Masikio yalikuwa yananiwaka. Nikatamani bomba lingine lipasuke. Hapo Nezu akainuka. Nikasema moyoni, basi, anakuja kunimaliza. Akamwinamia Fusae, akampa kikaratasi. Aliandika: shemeji, nyumbani unasimama wapi?

Fusae alichoka na vikaratasi. Akajibu kwa mdomo, kwa sauti ya sokoni, ndani ya Kurumi! "Kwenye udongo! Miguu mitupu, imelowa, nimetoka kuosha figili! Na huyu mzee kasimama na viatu vyake vya mbao ananiandika kwenye jedwali!"

Vichwa vyote vikageuka. Kisha mabega ya Mama Shigeno yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, mgongo bado kwetu.

Nezu hakucheka. Akatoa waya mwembamba mfukoni, akabana ncha moja kwenye sanduku langu, akautambaza sakafuni mpaka jikoni, akafunga ncha ya pili kwenye bomba la maji.

Kimya.

Siwezi kuandika ule ukimya. Ulikuwa na ukubwa wa chumba, watu, na nje. Fusae akaondoa mikono yake polepole, na kimya kikabaki. Nikashusha sindano. Mwanamke akavuta pumzi, na watu ishirini na wawili wakavuta pumzi naye, nimewaona. Alipofika pale anaposhusha sauti, ilishuka ikaenda pembeni ya chumba, ikarudi, ikakaa karibu na sikio la kila mtu. Mwuza tofu alifumba macho. Mkewe alishika mkono wake. Nilitengeneza mimi kile! Kwa uzi wa mikeka! Nilikiogopa.

Kikafuata cha Nezu. Nataka kuandika kwamba kilikuwa kibaya. Hakikuwa kibaya. Kila kitu kilikaa mahali pake, safi, kama saa zake zote zikigonga pamoja. Niliduwaa nikasahau kumchukia kwa upande mzima wa santuri.

Mama Shigeno akanyoosha mgongo. Akainua kidole kimoja. Cha kwanza. Changu!

Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, kwa sauti, maana leo sheria ilikwisha vunjika, kwamba cha pili kinacheza santuri na cha kwanza kinaleta watu. Nezu akainama hadi chini. Akasema na yeye angechagua hicho hicho, ndiyo maana hakuweza kuvumilia kukikosa kwa ajili ya waya mmoja. Kisha, kwa aibu kama mwanafunzi, akaomba nikipewa kiti cha katikati nimwachie akikalie upande mmoja tu wa santuri.

Nikasema nitalifikiria.

Kibati kimepigiliwa. Kiuchi Yasuhei. Nimelipitishia kidole jina mara saba. Kesho kutwa, Jumapili, Mama Shigeno anawaalika wapenda sauti wa Tokyo, watu arobaini, waje wasikie. Tulipokuwa tunarudi Fusae alisema Nezu ni mtu mwema na nimpelekee mkeka mpya wa duka lake. Nikasema hm.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimekalia kiti cha katikati tangu mkahawa ufunguliwe hadi kufungwa. Vikombe sita vya kahawa. Nilisikia mpiga besi akigeuza ukurasa wa karatasi yake ya muziki. Nezu alisimama karibu na mlango muda wote, nikajifanya nimelala.

Jambo moja tu linanikera. Ule waya. Umekatiza sakafu yote mpaka jikoni, wa kijivu, mbaya. Kila mtu anayeingia anauruka, na kila anayeuruka anauliza ni wa nini, na anaambiwa ni wa Nezu. Leo wameuliza watu wanne. Kikuza ni changu, kibati ni changu, na watu wa Tokyo kesho watauruka waya wa Nezu!

Nikafikiri kwa utulivu, kama mtu mzima. Jana Fusae alikikumbatia kile kikuza kwa nguvu zake zote, dakika nzima. Nezu akafunga waya baadaye. Sasa nani kazima uvumi? Ni wazi kabisa. Kile kilichomo ndani ya mke wangu kilikuwa kimeshaingia ndani ya sanduku, kilihitaji muda kidogo tu kutulia, na Nezu akatokea wakati huo huo akachukua sifa. Ningekuwa mjinga nisingeliona hilo.

Mama Shigeno alipokwenda kuosha vikombe nikainama kana kwamba nafunga kiatu. Nimeukata pale unapoingia nyuma ya rafu na pale mlangoni pa jikoni, nikauviringa, nikautia mfukoni. Umeme ulikuwa umeshazimwa, kwa hiyo sikuweza kusikiliza, lakini sina wasiwasi hata kidogo. Sakafu imependeza.

Nimewaalika na watu wa zile nyumba kumi na moja waje kesho, nikawaambia wakae mbele kabisa. Nimenyoa ndevu. Saa nne asubuhi nitashusha sindano mwenyewe.